Vikorombwezo vya bunduki ya wenzo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ruger ilinunua jina la Marlin mwaka 2020, na bunduki za kwanza zikatoka kiwandani kwake mwishoni mwa 2021. Tangu hapo mwindaji wa Marekani mwenye bunduki ya wenzo, yaani inayokokiwa kwa kushusha na kupandisha mkono wa chuma ulio chini ya triga, iwe Marlin 336, Marlin 1895, Winchester 94 au Henry, anauziwa kila aina ya kikorombwezo: reli, vitanzi vikubwa, springi laini, vishikio vya alumini. Vingine vina kazi. Vingine vinaharibu bunduki iliyokuwa haina tatizo, kwa sababu ndani ya bunduki ya wenzo kila kipande kinasukuma kingine, na ukibadilisha kimoja umegusa vitatu.

Kabla ya bisibisi kugusa chochote, toa risasi zote. Magazini ya bomba haichomoki kama ya bunduki nyingine, na risasi moja huweza kukwama humo ndani kimya kimya. Fungua wenzo, chungulia chumba cha risasi, kisha ingiza kidole uguse kisukumio cha magazini, kile kipande kinachosukuma risasi ndani ya bomba. Usipokigusa, bado kuna kitu mbele yake.

"Darubini inakaa juu ya bunduki yoyote ya wenzo"

Haikai. Winchester 94 za zamani hutupa ganda juu moja kwa moja, yaani pale pale ambapo darubini ingekaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo kiwanda kilipobadilisha muundo ili ganda litoke kwa mshazari. Mwenye 94 ya kabla ya hapo ana njia mbili za maana: kilengeo cha tundu, yaani cha nyuma chenye kitundu cha kuchungulia, au darubini ya kutazamwa kwa mbali iliyofungwa mbele juu ya mtutu. Kutoboa mwili wa bunduki ya zamani ili kuifunga darubini ubavuni ni kupunguza thamani yake kwa mkono wako mwenyewe.

Marlin 336, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, hutupa ganda ubavuni na ina mgongo mzima wa chuma. Hapo darubini inakaa vizuri. Kinachowashinda watu ni ufungaji. Toa skrubu za kuziba matundu, safisha mafuta ndani ya nyuzi kwa spiriti, na tumia tone dogo la gundi ya nyuzi ya rangi ya bluu, ile inayoweza kufunguliwa tena. Skrubu za kitako cha darubini hukazwa kati ya inchi-pauni 15 na 20, yaani karibu Nm 2. Kama mtengenezaji ameandika kipimo chake, fuata chake. Kaza skrubu moja moja, na baada ya kila moja pandisha na kushusha wenzo. Ukiona komeo, kile chuma kinachoziba chumba cha risasi, linakwaruza au linakuwa zito ghafla, skrubu hiyo ni ndefu mno na inagusa komeo. Usiilazimishe. Tafuta fupi zaidi au ipige tupa kwenye ncha.

Darubini ikishafungwa, nyundo inajificha chini yake, na kidole gumba hakipati nafasi. Hatari kubwa haiko kwenye kukoki, iko kwenye kuteremsha nyundo polepole huku kukiwa na risasi ndani: kidole kikiteleza, bunduki inalia. Ndiyo maana kipande kidogo cha kurefusha nyundo kwa pembeni, ambacho wengi hukiona pambo, ni sehemu ya lazima ya kazi hii. Kinashikwa na skrubu ndogo sana, na teke la bunduki huilegeza. Ikague kila siku ya kuwinda.

Na ukuzaji? Mara nne zinatosha sana kwa .30-30, kipimo cha risasi cha kawaida cha bunduki hizi. Risasi ya kawaida ya greni 170 ikiwekwa sawa kwa yadi 100 huwa imeshuka karibu sm 20 ifikapo yadi 200. Darubini nzito ya mara 12 haitazuia mwanguko huo, ila itaifanya bunduki iliyopendwa kwa wepesi iwe na kichwa kizito.

"Risasi zenye ncha kali zinafanya .30-30 ifike mbali, weka tu"

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Katika magazini ya bomba risasi hupangwa mkia kwa kichwa: ncha ya ile ya nyuma inagusa fataki (kidonge cha kuwashia baruti, kilicho kwenye mkia wa ganda) ya ile ya mbele. Bunduki ikipiga teke, safu nzima inagongana. Ncha ngumu iliyochongoka inaweza kufanya kazi ya pini ya kugonga, na risasi ikalipuka ndani ya bomba, mkono wa kushoto ukiwa umeishikilia hapo hapo. Kwa hiyo magazini ya bomba inataka vichwa bapa au vya mviringo mpana.

Hornady ilipotoa risasi za LEVERevolution, ilitatua jambo hilo kwa ncha laini inayobonyea. Kwa .30-30 yenye kichwa cha greni 160, jedwali la kiwanda linaonyesha kwamba ukiilenga iwe juu sm 7.5 kwa yadi 100, itakuwa karibu sawa na shabaha kwa yadi 200. Lakini kipimo hicho ni cha mtutu wa inchi 24. Wako pengine ni wa inchi 20, na kasi itapungua. Anayejaza maganda mwenyewe ajue pia kwamba ganda la .45-70 la risasi hizo ni fupi kuliko la kawaida, kwa sababu kichwa chake ni kirefu na risasi nzima lazima ipite kwenye mitambo ile ile. Usichanganye maganda hayo mawili kwenye sanduku moja.

Sheria hii haihusu kila bunduki ya wenzo. Savage 99 ilikuwa na magazini ya kuzunguka, Browning BLR ina magazini ya sanduku, na vivyo hivyo Winchester 1895, ambayo Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alikuja nayo alipotua Mombasa mwaka 1909, ya kipimo cha .405. Humo risasi hulaliana ubavu kwa ubavu, ncha haigusi fataki. Wanaojibu "babu yangu alitumia zenye ncha bila shida" mara nyingi wanazungumzia moja ya hizi bila kujua tofauti.

"Kitanzi kikubwa kinaongeza kasi ya kukoki"

Mwendo wa wenzo hupangwa na umbali ambao komeo linapaswa kurudi, si ukubwa wa tundu la vidole. Kitanzi kikubwa kinasaidia mtu mmoja: mwenye glavu nene za baridi ya Montana. Kwa mwingine, vidole vinacheza ndani yake, vinachelewa kugusa ukingo, na vifundo vinaumia kila unapokoki. Kile kipana cha mviringo cha kwenye sinema hata ala ya tandiko la farasi kinaikataa. Cha umbo la D, kirefu kidogo kuliko cha kiwandani, ndicho chenye akili.

Kukibadilisha kwenye Marlin ni kazi ya skrubu moja: fungua wenzo nusu, toa skrubu yake, vuta wenzo, telezesha komeo nyuma. Hapo kipande chembamba cha kutupia ganda hudondoka, na wengi hukisahau. Kirudishe kwenye tundu lake kabla ya komeo kuingia. Wenzo mpya ukikataa kufunga hadi mwisho, triga nayo haitavutika, maana Marlin ina kizuizi ambacho wenzo wenyewe ndio unakibonyeza. Hiyo si hitilafu ya triga. Ni wenzo uliohitaji kupigwa tupa kidogo. Kwenye Winchester 94 wenzo umeunganishwa kwa pini na vipande vingi zaidi, mpelekee fundi bunduki.

"Springi laini ya nyundo ndiyo siri ya bunduki laini"

Ugumu mwingi wa bunduki mpya hautoki kwenye springi, unatoka kwenye kingo kali zilizobaki baada ya chuma kukatwa. Mafuta mepesi na kukoki mara mia kadhaa ukiwa na risasi bandia huondoa sehemu kubwa ya mkwaruzo bila kununua kitu.

Springi laini ina bei yake. Fataki ya risasi ya bunduki ndefu, kama .30-30, ni ngumu kuliko ya bastola, kwa hiyo springi inayofanya kazi vizuri kwenye Marlin 1894 ya .357 inaweza kukuangusha kwenye 336. Dalili ni alama ya kina kifupi kwenye fataki na kimya badala ya mlio. Likitokea hilo, elekeza mtutu mahali salama na subiri sekunde 30 kabla ya kufungua, maana baruti huweza kuwaka kwa kuchelewa. Na kukata mzingo mmoja wa springi ya kiwandani, kama wanavyoshauriana mitaani, hakurudishiki.

Jambo la karibu na hilo ni pini ya kugonga. Marlin ina pini ya vipande viwili, na wapo wanaoiona kasoro, wakanunua ya kipande kimoja. Vile vipande viwili ni ulinzi: kile cha nyuma hakikai mstari mmoja na cha mbele mpaka komeo lifungwe kabisa na kufuli lake lipande. Ukiweka kipande kimoja, umeondoa kizuizi kilichokuwa kinakataa bunduki isilie ikiwa haijafungwa.

"Bunduki ikikwama, badilisha kisukumio cha magazini"

Kisukumio cha chuma ni kizuri, ila ugonjwa mashuhuri wa Marlin uko kwingine. Ukingo mkali wa wenzo hutafuna kiinuaji, kile kipande kinachopandisha risasi, hadi kikae chini kidogo kuliko inavyotakiwa. Risasi ya pili inateleza nje ya bomba mapema, na mitambo yote inafungana. Dawa ni kulainisha ukingo huo wa wenzo na kutengeneza au kubadilisha kiinuaji kilicholiwa.

"Kilengeo cha tundu kinafungwa na kutumika papo hapo"

Kati ya vikorombwezo vyote, hiki ndicho tungekinunua kwanza. Jicho hutafuta katikati ya tundu lenyewe, na umbali kati ya vilengeo viwili unaongezeka. Lakini tundu likikaa juu kuliko kilengeo cha kiwandani, bunduki itapiga juu, na ukishamaliza marekebisho ya nyuma itabidi kilengeo cha mbele kirefushwe.

Hesabu yake ni rahisi: zidisha kosa kwenye shabaha na umbali kati ya vilengeo, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha. Bunduki ikipiga juu sm 10 kwa mita 100, na vilengeo vikiwa sm 60 mbali, ni 10 × 60 ÷ 10,000, yaani sm 0.06. Kilengeo cha mbele kiwe kirefu kwa mm 0.6. Ikipiga chini, kiwe kifupi kwa kiasi hicho. Watu wengi hukosea hapa kwa kugeuza mwelekeo: cha nyuma hufuata unakotaka risasi iende, cha mbele huenda kinyume.

"Breki ya mdomo wa mtutu kwa kila mtu"

Breki hii hupunguza teke kwa kuelekeza gesi pembeni. Kwa .30-30 hapana, teke lake ni dogo, na breki itakurudishia mlio masikioni. Kwa .45-70 yenye risasi nzito inaleta nafuu, ila mpira mzuri wa kitako ungefaa kwanza. Angalia nyuzi kabla ya kulipa: Marlin 336 ya Ruger yenye nyuzi ina 5/8-24 (kipenyo kwa inchi, kisha idadi ya nyuzi kwa inchi), lakini Marlin 1895 yenye nyuzi ina 11/16-24, na adapta si suluhisho la kupendeza. Mpira wa kuvalisha juu ya kitako hurefusha bunduki hadi sm 2.5. Mwenye mikono mifupi akiwa na koti la baridi atauona ukimkwama kwapani.

"Mkoba wa ngozi kitakoni hauna madhara"

Mkoba huo wa kubebea risasi unanyanyua shavu la mpigaji, na kwa mwenye darubini hilo ni jema. Kwa mwenye vilengeo vya chini unamzuia asione. Pia ngozi iliyotiwa dawa huifanya shaba ya maganda ivae kutu ya kijani. Risasi yenye utando huo hukwama chumbani, basi baada ya mawindo zitoe zote, zifute kwa kitambaa kikavu, uzirudishe kwenye boksi lake.