Usanifu wa mwingiliano si kupamba skrini

Matangazo ya kozi za jioni yanaahidi kumfanya mfanyakazi yeyote awe msanifu wa mwingiliano. Ukifungua orodha ya masomo unakuta rangi, fonti, nembo na programu ya kuchorea kurasa za simu. Wanaojiandikisha ni watu makini: mhasibu, muuguzi, karani wa benki, wanaotoa ada kwenye mshahara wenye majukumu mengine na kupambana na foleni ili wawahi darasa. Watu hawa wanastahili kupewa kile walicholipia.

Maana yenyewe ni fupi. Usanifu wa mwingiliano ni kupanga yanayopita kati ya mtu na chombo anachokitumia: mtu afanye nini, chombo kimjibu nini, na ajue vipi kwamba ameeleweka au amekosea. Mwonekano ni sehemu ya kazi hiyo, na mara nyingine ni sehemu ndogo sana.

Aliyesaidia kuipa fani hii jina alikuwa bingwa wa maumbo, na hilo wengi hawalijui. Bill Moggridge, Mwingereza, ndiye aliyesanifu umbo la GRiD Compass, kompyuta ya kukunja iliyoingia sokoni 1982. Kasha na bawaba zake alizihangaikia kweli kweli. Lakini alipokaa nayo akaitumia, baada ya muda mfupi umbo lote lilimtoka akilini, akazama kwenye programu iliyomo ndani. Akatambua kwamba kitu ambacho mtumiaji anaishi nacho hasa ni kile ambacho yeye hakukigusa. Katikati ya miaka ya 1980, yeye na msanifu mwenzake Bill Verplank ndipo walipokuja na jina tunalolitumia leo. Verplank aliipima kazi hii kwa maswali matatu: mtu anafanyaje, anahisije, na anajuaje? Rangi inaweza kusaidia kuyajibu, lakini peke yake haiyajibu.

Anayeona bado kwamba kusanifu mwingiliano na kupamba skrini ni mamoja na apige *150*00# kwenye simu ya kitochi, kama Watanzania wanavyofanya kila siku kutuma hela kwa M-Pesa. Menyu ya namna hii haina rangi, haina picha, wala fonti ya kuchagua. Ujumbe mmoja hauzidi herufi 182. Mchoraji hana pa kushika. Msanifu wa mwingiliano, kwa upande wake, ana kazi tele. Namba ya mpokeaji itangulie au kiasi? Aliyebonyeza 3 badala ya 2 arudi nyuma vipi bila kuanza upya? Menyu ikikatika baada ya kuingiza namba ya siri, mama aliyetuma ada ya mtoto atajuaje kama hela imetoka au bado ipo?

Nchini Kenya, M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka kadhaa mtumaji aliliona jina la mpokeaji kwenye meseji ya uthibitisho, wakati hela imeshakwenda. Tarakimu moja ikikosewa, kilichobaki ni kumbembeleza mtu usiyemjua. Mwaka 2015 Safaricom, kampuni ya simu yenye huduma hiyo, ilileta Hakikisha: jina linatokea kabla muamala haujakamilika, na ukiona si lenyewe unausimamisha. Kilichobadilika ni mpangilio tu, kwamba mtu ajue kwanza, hela ziende baadaye. Kwangu huo ni usanifu wa mwingiliano wa hali ya juu, na hakuna aliyehitaji kuchora chochote.

Kuziona shida kama hizo kazini kila siku ndiko mtu mwenye kazi anakomzidi mwanafunzi wa kutwa nzima, na kozi nyingi zinamwacha na mtaji huo mkononi. Mchukue karani wa mapokezi hospitalini. Fomu ya kompyuta inadai siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na haisogei mpaka nafasi zote tatu zijae. Bibi aliyeketi mbele yake anajua mwaka, siku haijui, na nyuma yake kuna foleni. Karani anaandika 01/01 na kuendelea. Ukiangalia rejista unaona wagonjwa wengi waliozaliwa siku ya mwaka mpya. Unaweza kuipaka fomu hiyo rangi nzuri kuliko zote, na tarehe zitaendelea kuwa za uongo. Dawa yake ni fomu kukubali mwaka peke yake, au umri wa kukadiria, na kuweka alama kwamba ni makadirio. Karani yule anaijua shida hii kuliko mwalimu wake. Anachokosa ni mbinu: kuangalia watu bila kuwaingilia, kuchora hatua kwa kalamu kwenye karatasi, kumpa mwenzake wa zamu ajaribu, kunyamaza anapokwama, kisha kurekebisha.

Mbinu hizo zinasomeka jioni, na karatasi inatosha kuanzia. Basi kabla ya kulipa ada, uliza kama kozi itakutaka umkalishe mtu halisi mbele ya kazi yako na kumtazama akiitumia. Wakikujibu kwamba utajifunza programu ya kuchorea na kutoka na mkusanyo wa kurasa nzuri, hiyo ni kozi ya uchoraji wa skrini. Ni ujuzi halali na una soko lake. Ila waombe waiite hivyo.