Anahesabu mpaka hamsini, lakini mwambie akupe tano

Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, aliniita nimsikie mwanawe wa miaka minne akihesabu mpaka hamsini. Kweli alifika, bila kukosea. Nikamwambia, "Haya mwanangu, nipe kete tano." Akachota konzi zima akanimiminia mkononi.

Kati ya dhana potofu za wazazi kuhusu watoto na hesabu, hii ndiyo kubwa kuliko zote: kwamba mtoto anayetaja namba ameshajua hesabu. Namba zaweza kuimbwa kama wimbo. Bado hajajua kwamba neno la mwisho alilotamka ndilo linalotaja idadi ya vitu vyote. Hilo hulipata kwa kugusa: kitu kimoja, neno moja. Mtume alete vijiko vya kuwatosha waliokaa mkekani. Mpe machungwa ayapange mafungu ya matano matano, kama wanavyopanga wauzaji pale soko la Mgandini. Namba zikifika makumi, msaidie zaidi: "kumi na tatu" inajieleza, lakini "ishirini" haimwambii kuwa ni kumi mbili. Mfungie vijiti kumi kumi aone.

Dhana nyingine: "Wanacheza tu, watasoma saa ngapi?" Bao lina mashimo 32 na kete 64, na bao la kujifunza huanza na kete mbili kila shimo. Anayedondosha kete moja moja anahesabu kwa mkono na kwa jicho. Mwaka 2008 Robert Siegler na Geetha Ramani walichapisha utafiti wa Marekani: watoto wa chekechea wa familia za kipato cha chini walicheza mchezo wa ubao, wa kusogea kwenye vyumba vyenye namba 1 mpaka 10, vipindi vinne vya dakika kama 15 ndani ya wiki mbili. Uelewa wao wa namba ulipanda. Wenzao waliocheza kwenye vyumba vya rangi tupu hawakupanda. Ila aliyeko chumba cha 5 akipata mbili aseme "sita, saba", asiseme "moja, mbili". Sisi wa Ngamiani tuna bahati, mitaa yenyewe ina namba: tuko barabara ya 7, twenda ya 10, tumebakiza ngapi?

Kuhusu vidole, mwacheni avitumie. Si uzembe.

Inayoniuma ni hii: "Mimi hesabu zilinishinda, nitamfundishaje?" Utafiti wa Chicago wa mwaka 2015, uliohusisha watoto 587 wa darasa la kwanza, ulitazama familia zilizosoma pamoja hadithi fupi zenye maswali ya hesabu. Waliofaidika zaidi ni watoto ambao wazazi wao wenyewe waliogopa hesabu.

Kwa hiyo usiku akikuletea kitabu chenye picha ya kuku na vifaranga, soma kama kawaida. Kisha uliza: mwewe akichukua mmoja, watabaki wangapi? Mwache ahesabu kwa kidole chake ukurasani, hata akianza upya mara tatu.