Volkano, maji ya moto na fedha: swali la kijana kutoka Masisi

Kijana mmoja alifika ofisini kwetu Goma na jiwe alilolifunga kwenye kipande cha kitenge. Akalifungua taratibu mezani. "Papa, hii si fedha?" Lilimetameta kweli. Nilipolikwangua kwa ukucha, likabanduka majani membamba yanayopitisha mwanga, kama ganda la kitunguu. Ilikuwa mika, na nilimwambia hivyo. Hakuondoka. Alikuwa amesikia kwamba nchi nyingine zilipata madini ya fedha kwenye volkano, naye akataka kujua kwa nini Nyiragongo, volkano yetu ya hapa Goma, isitupe sisi.

Alichosikia ni kweli. Mlima Cerro Rico wa Potosí, Bolivia, ambao fedha yake ilianza kuchimbwa mwaka 1545, ni mabaki ya volkano. Mshipa wa Comstock huko Nevada, Marekani, uliojulikana mwaka 1859, nao umo ndani ya miamba ya volkano. Lakini fedha haitemwi na volkano pamoja na lava. Huletwa na maji ya moto, na huja baadaye, mlima ukiwa umeshatulia.

Mfano ninaoupenda ni Creede, kwenye milima ya San Juan, Colorado, Marekani. Karibu miaka milioni 27 iliyopita, volkano ya hapo ilitapika majivu mengi mno hata ardhi ya juu ikakosa cha kuiegemeza, ikadidimia na kuacha shimo kubwa la duara, yaani kaldera. Pembezoni mwa shimo hilo likatanda ziwa. Ardhi ikapasuka nyufa ndefu kuelekea kaskazini. Kisha ukapita muda wa zaidi ya miaka milioni moja kabla fedha haijajikusanya katika nyufa hizo. Watu waliigundua mwaka 1889, na migodi mikubwa ikaendelea hadi 1985.

Katika muda huo wote, kazi ilifanywa na maji. Ya mvua na ya ziwa yalizama kwenye nyufa, yakakutana na joto lililobaki chini, yakawa na chumvi nyingi. Chumvi ndiyo mpagazi wa fedha: ndani ya maji ya moto yenye chumvi, fedha hujishika na klorini iliyomo kwenye chumvi hiyo na kusafiri bila kuonekana. Maji yakipanda, uzito unaoyakandamiza hupungua. Yakifika sehemu za juu, pengine chini ya kilomita moja kutoka usoni, huchemka, gesi hutoroka, joto hushuka. Hapo fedha haiwezi tena kubaki ndani ya maji. Hushikana na salfa na kuganda kwenye kuta za ufa, kama ukoko mweupe unavyoota ndani ya birika la siku nyingi. Lita moja ya maji hayo hubeba fedha kidogo sana, ndiyo maana kazi hiyo hutaka maelfu ya miaka ya maji yasiyokatika.

Mshipa wa namna hiyo ukiukata, unaona tabaka juu ya tabaka. Creede kuna tabaka za kwatzi ya zambarau, ile inayoitwa amethisti, na katikati yake madini ya risasi na zinki. Kila tabaka ni mara moja ambapo ufa ulifunguka, maji yakapita, ukaziba. Na fedha yenyewe? Mara nyingi ni nyeusi. Madini yake makuu, akantaiti, ni kijivu cheusi na laini kiasi cha kukatika kwa kisu. Anayetafuta kinachong'aa tu angeipita.

Sasa turudi kwetu. Magma ya Nyiragongo, yaani mwamba ulioyeyuka, hutoka kina kirefu, ina silika kidogo (ile inayounda kwatzi), na ni nyepesi kama uji wa maji. Januari 2002 ilishuka ikapita katikati ya mji wa Goma na kuingia ziwani Kivu. Mwaka 2021 ikashuka tena. Hupoa upesi, na gesi zake nyingi huishia hewani. Migodi ya fedha niliyoitaja ilitokana na magma ya aina nyingine, nzito zaidi, yenye silika nyingi zaidi, iliyokaa chini muda mrefu ikipasha maji. Mimi sioni sababu ya kumtuma mtu atafute fedha kwenye makoro yetu, yaani mawe ya lava iliyoganda. Hata chemchemi kama Mayi ya Moto kule Rutshuru haithibitishi kitu. Maji ya moto pekee bila chumvi ya kutosha, nyufa na muda hayajengi mshipa.

Na tafadhali, msiingie kwenye mashimo na nyufa za lava mkidhani mtaokota madini. Mazuku hukaa humo. Gesi hiyo, dioksidi ya kaboni, ni nzito kuliko hewa, haionekani, na huua mtu aliyeinama kabla hajajua kinachompata.

Jiwe la yule kijana nalo lilikuwa na habari yake. Mika kubwa namna ile hutoka kwenye pegmatiti, mwamba uleule unaobeba koltani ya Masisi. Umri wake ni karibu miaka bilioni moja, na hauna undugu wowote na volkano. Nilimsindikiza hadi nje, nikamwonyesha makoro aliyokuwa amekanyaga akiingia: ya mwaka 2002, madogo kwa umri kuliko yeye.