"News" si pande nne za dunia

Kila mwaka, tunapofika kwenye mada ya asili ya maneno ya Kiingereza, hujitokeza mwanafunzi anayeeleza kwa uhakika kabisa kwamba "news" ni ufupisho wa north, east, west na south, kwa kuwa habari hutoka pande zote. Safari hii mmoja alikwenda ubaoni, akachora dira, akaandika herufi moja katika kila ncha, na darasa zima likampigia makofi.

Maelezo hayo hayana msingi hata kidogo. Waingereza wenyewe wanapozitaja pande za dunia huanza na north na south, ndipo east na west zifuate. Isitoshe, maandishi ya kale yana tahajia "newes", na ile E ya pili haina upande wa kuwakilisha. Ukweli ni kwamba "new", yaani -pya, lilitiwa alama ya wingi mwishoni mwa Enzi za Kati ili limaanishe mambo mapya, kama Wafaransa wanavyosema "nouvelles". Nalo "new" lilikuwa "niwe" katika Kiingereza cha kale, na ndugu zake ni "neu" la Kijerumani, "novus" la Kilatini, "neos" la Kigiriki na "nava" la Kisanskriti. Neno lenye ukoo unaotoka Ulaya hadi India halikuundwa kwa kuokota herufi za mwanzo, mtindo ulioshamiri katika karne ya 20 kwa maneno kama "radar" na "laser". Ndiyo maana nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza, kwamba kabla ya kusimulia hadithi ya neno lolote, mtu aandike kwanza daftarini tahajia yake ya zamani kuliko zote anayoweza kuipata.

Wapo pia wanaodhani "sukari" yetu imetoholewa kutoka "sugar". Sisi tuliipokea kutoka "sukkar" la Waarabu, na Waingereza walilipata neno hilohilo kupitia Kilatini na Kifaransa. Nyuma ya Waarabu wako Waajemi, na nyuma yao Kisanskriti, ambamo "sharkara" lilimaanisha pia changarawe.

Ama "have" na "habere" la Kilatini, yote mawili yenye maana ya kuwa na kitu, hayana undugu wowote. K ya kale iligeuka H katika Kiingereza, lakini katika Kilatini ilibaki K, ikiandikwa C; kwa hiyo ndugu wa "have" ni "capere" la Kilatini, kushika.