Je, wajua? Kuna gari za dizeli ziliungua kwa sababu ya kulanti

Kulanti si ndo inapoza injini? Sasa inakuwaje iunguze gari? Mwaka 2018 kule Korea Kusini BMW za dizeli, hasa 520d, zilianza kuwaka moto barabarani moja baada ya nyingine, zaidi ya 30 ndani ya miezi michache, mpaka majengo mengine yakakataa BMW zisipaki ndani.

Chanzo hakikuwa rejeta wala feni, kilikuwa kwenye EGR. Huu ni mfumo unaochukua sehemu ya moshi wa ekzosi na kuurudisha kwenye injini, maana moshi una oksijeni kidogo, ukichanganyika na hewa safi moto ndani ya silinda unapungua ukali na zile gesi chafu za naitrojeni zinapungua pia. Ila moshi wenyewe unatoka na joto la nyuzi mamia kadhaa, huwezi kuurudisha hivo hivo, kwa hiyo unapitishwa kwanza kwenye kipoozeo chake, vijia vyembamba ambavyo kulanti inavizunguka.

Hapo ndo penye shida. Kipoozeo kikipata ufa kulanti inavujia upande wa moshi, na kulanti sio maji matupu, ina glaikoli. Maji yanakauka yanaondoka zao, glaikoli inabaki inanata, inashikana na masizi na mafuta ya injini (na dizeli kwa masizi hujambo!) mpaka unapata utando mzito kama lami. Siku gari imetembea masafa marefu kwa spidi, moshi wa moto sana ukipita hapo utando unashika moto, na mbele yake kuna manifoldi ya kuingizia hewa ambayo ni ya plastiki, inayeyuka, inatoboka, moto unatoka nje kwenye boneti. Ndo maana gari nyingi zilikuwa zinaungua zikiwa mwendoni, na nyingi zilikuwa zimeshatembea kilomita nyingi.

BMW ikaita gari kama 106,000 Korea zirudi kurekebishwa, ikaja Ulaya, na kufikia Oktoba 2018 hesabu ya dunia nzima ilikuwa milioni 1.6. Serikali ya Korea nayo haikucheka, Agosti ilizuia zile ambazo hazijakaguliwa zisiingie barabarani kabisa. Desemba timu ya uchunguzi ikasema kulanti ilikuwa inachemka ndani ya kile kipoozeo, yaani kasoro ni ya usanifu, na kwamba kampuni ilijua mapema ikakaa kimya. Faini won (pesa ya Korea) bilioni 11.2. Mimi hilo la kukaa kimya ndo linaniudhi zaidi, ufa ni ufa, chuma kinapasuka, lakini kujua ukanyamaza ni kitu kingine.

Halafu geji ya temperecha isikudanganye. Inapima kulanti ya injini kwa ujumla, haijui kona moja ndogo inachemka, kwa hiyo unaweza kuwa unaendesha sindano iko katikati vizuri tu. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kulanti kupungua kwenye tanki lake wakati chini ya gari pakavu, hakuna hata tone. Watu wengi hapo wanaongezea tu wanafunga boneti, wiki ijayo wanaongezea tena, kumbe inavujia kwenye njia ya ule moshi.