Si kweli kwamba kinanda cha funguo 61 hakifai studio

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu ya wanakwaya na wapiga vinanda: usinunue kinanda chenye funguo pungufu ya 88, sauti yake ni nyembamba, studio watakikataa. Sivyo.

Idadi ya funguo huonyesha upana wa nota tu: 61 ni oktavu tano (oktavu ni nota kutoka C moja hadi C inayofuata), 88 ni saba na kidogo. Sauti hutoka kwenye chipu na sampuli, yaani sauti za ala zilizorekodiwa, zilizomo ndani. Ndiyo maana zipo modeli zinazouzwa kwa funguo 61, 76 na 88, na ndani ni zilezile. Ukizikuta dukani, vaa hedifoni, chagua piano ileile, bonyeza C ya kati kwenye kila kimoja. Hutasikia tofauti. Na studio, kinanda kikiunganishwa na kompyuta kwa MIDI, mfumo uliopo tangu 1983, MIDI yenyewe haibebi sauti kabisa. Hubeba taarifa: nota gani imebonyezwa, kwa nguvu gani, kwa kipimo cha 0 hadi 127. Sauti hutengenezwa na programu.

Mkanganyiko unaeleweka. Vinanda vya 88 mara nyingi ni ghali na funguo zake ni nzito kama za piano, jambo lenye maana sana kwa mpiga piano. Anayepanda daladala kwenda kupiga harusini ana mahitaji mengine.

Tafadhali, tuache kuusambaza. Unawakatisha tamaa vijana wenye bajeti ndogo. Ukienda kununua, bonyeza ufunguo taratibu, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, kiache, hata kama kina funguo 88.