Kidole gumba cha Katanga: jinsi ya kusikiliza gita kavu

Mwanafunzi mpya akija kwangu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, namwomba kwanza ausahau mkono wa kushoto. Apige nyuzi tupu, kwa kidole gumba peke yake, mpaka nimwambie basi. Wengi hawafurahi. Wamekua na rumba ya Kinshasa, wanataka kuingia moja kwa moja kwenye seben, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, vidole vikimbie juu kabisa shingoni mwa gita. Lakini ninachofundisha mimi ni gita kavu la Katanga, eneo letu la kusini-mashariki mwa Kongo: gita lisilohitaji umeme, linalopigwa kwa vidole viwili tu, na humo kidole gumba ndicho kinachoushika wimbo. Asiyekisikia anasikia nusu.

Nimeishi na muziki huu kama mpigaji, mwalimu na fundi wa magita, na kadiri ninavyousikiliza ndivyo ninavyozidi kukuta ndani yake mambo ya Lubumbashi ya kila siku: reli, mgodi, vyumba vya kambi, chupa ya bia, kinu cha sombe (majani ya mihogo), hata kidonge cha kichwa. Sisemi juu ya maneno ya nyimbo tu. Nasema juu ya mipigo yenyewe, urefu wa wimbo, na sababu iliyomfanya mtu mmoja apige kana kwamba wako watatu.

Tuanze na mkono wa kulia. Kidole gumba kinashuka kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinapanda kwenye nyuzi nyembamba. Basi. Vile vitatu vingine vinatulia kwenye ubao wa gita, au vinaelea hewani. Aliyesoma gita la Kizungu la klasiki, ambako vidole vinne vinagawana kazi, huona huu ni umaskini. Mimi naona kinyume. Kwa kuwa vidole ni viwili, kila sauti lazima iwe na zamu yake, na zamu hizo zikishikana vizuri masikio yanaanza kusikia nyimbo mbili zinazojibizana, wakati mwingine tatu, ingawa mkono haujaongeza kitu. Wapigaji wa zamani huongeza ujanja mwingine: wanapandisha uzi wa nne kutoka re hadi fa, ili vidole vya kushoto vipumzike na nyuzi tupu zifanye kazi zaidi. Na kama mwimbaji ana sauti ya juu, kalamu ya risasi inafungwa kwa mpira juu ya shingo ya gita, noti zote zinapanda pamoja, wimbo unaendelea kwa vidole vilevile.

Ugumu uko kwenye mapigo. Chukua mapigo madogo sita yanayolingana. Ukiyakata matatu matatu, unapata hatua mbili. Ukiyakata mawili mawili, unapata hatua tatu. Gita la Katanga linapenda kukata namna zote mbili kwa wakati mmoja: kidole gumba kinatembea hatua mbili, kidole cha shahada kinatembea tatu, kisha bila taarifa wanabadilishana. Nilipokuwa kijana mzee mmoja wa Kamalondo aliyenifundisha hakutumia hesabu hizi. Alinipeleka uani walipokuwa wanawake wawili wakitwanga sombe katika kinu kimoja, michi ikipishana, akaniambia: “Mutoto wangu, sikiliza kwanza huyu. Sasa sikiliza ule. Sasa sikiliza wote wawili na usichague.” Hadi leo sijapata maelezo bora, nami huwapeleka wanafunzi wangu kwenye kinu. Wanaume wengi wa mji huu walisikia mapishano hayo kila jioni kabla ya kula bukari yao, yaani ugali, miaka mingi kabla ya kushika gita.

Lakini gita lenyewe lilifikaje? Kwa sehemu kubwa lilipanda treni. Reli iliyotoka kusini, kupitia Rhodesia, ilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa. Union Minière, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono, na mikono ikatafutwa mbali: Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na vijiji vya Katanga yenyewe. Mwanzoni wanaume walikuja peke yao kwa mikataba mifupi. Kuanzia mwaka 1928 kampuni ilibadili mwendo ikapendelea mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu na hata kuwahimiza wafanyakazi kuleta wake zao. Hapo ndipo kambi zilipogeuka mitaa, na jioni ikawa na watu wa kuimbiwa.

Fikiria hali ya mfanyakazi huyo. Ngoma za kwao zinataka watu wengi: mpigaji wa ngoma kubwa, wa ngoma ndogo, waitikiaji, wachezaji. Hapa jirani wa kushoto ni Mkasai, wa kulia ametoka upande wa Luapula, na zamu zao za kazi hazifanani. Mmoja akirudi mwingine anaondoka. Gita linakubali hali hiyo. Kidole gumba kinakuwa ngoma kubwa, kidole cha shahada kinakuwa waitikiaji, mdomo unakuwa kiongozi. Ndiyo maana nasema mpigaji wa Katanga hakuiga bendi ya Wazungu. Alikuwa anakusanya kijiji chake ndani ya chumba kimoja. Na aliimba Kiswahili, kwa sababu kilikuwa lugha ya kazini na ya mitaani, lugha ambayo jirani wa kushoto na wa kulia wote waliielewa.

Kulikuwa pia na gramafoni. Santuri za Afrika Kusini zilipanda reli ileile. Kuanzia mwaka 1933 zikaja zile za mfululizo wa GV wa kampuni ya HMV, zenye muziki wa Kuba, zikatembea karibu Afrika nzima. Mtu anayetafuta katika gita letu kitu “safi” kisichochanganyika atapoteza muda wake. Kambi ilikuwa mchanganyiko, masikio yake pia.

Jina ambalo kila mtu hulitaja ni Mwenda Jean Bosco, na linastahili. Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, yule aliyekuja na watu wake kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, kilomita zisizozidi mia na ishirini na kitu kutoka hapa. Wimbo wake “Masanga” uliorekodiwa wakati huo ulipata tuzo ya mwaka kutoka chama cha muziki wa Kiafrika ambacho Tracey alikuwa ndani yake. Ukatolewa kwenye santuri na kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft alikaa na rekodi hizo akaandika nota zake moja moja, kazi ya subira kubwa, na kilichoonekana humo ni kwamba Bosco harudii. Mzunguko ni uleule, lakini kila unaporudi kuna noti iliyosogea, besi iliyochelewa, nafasi iliyoachwa wazi.

Wanafunzi wangu wakisikia “Masanga” mara ya kwanza nawaomba wagonge mguu. Karibu wote wanagonga mahali pasipo na mguu wa Bosco. Hawakosei kwa uziwi. Noti nyembamba zinang'aa, sikio linazikimbilia na kuzifanya mwanzo wa hatua, kumbe mwanzo uko chini, kwenye kidole gumba kinachotembea kimyakimya. Siku sikio likishuka huko wimbo mzima unageuka mbele yako, na hauwezi tena kurudi ulivyokuwa. Nimeona watu wazima wakicheka kwa furaha wakati huo, na mimi bado hunishika.

Jambo la urefu wa wimbo linanigusa pia. Santuri ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu upande mmoja. Kambini wimbo haukuwa na dakika tatu. Ulikwenda mpaka bia iishe, mpaka mtu aliyeimbwa asimame kujibu. Kwa hiyo tunachokiita leo “wimbo wa Katanga” ni kipande kilichokatwa kwa kipimo cha sahani. Wapigaji wazuri walijifunza kukaa ndani ya kipimo hicho, lakini ukisikiliza mwisho wa rekodi nyingi za wakati ule utasikia gita ambalo halikuwa tayari kunyamaza. Ninapofundisha nakataza wanafunzi kumaliza pale santuri inapomalizia. Waendelee. Wazunguke mara kumi zaidi, waone mzunguko unawapeleka wapi.

Sasa chupa. Wengi wanadhani ni kichekesho: mtu amekaa pembeni, ameshika chupa tupu, anaigonga kwa kisu au msumari. Chupa ndiyo saa ya muziki. Mpigo mmoja ninaoukuta mara nyingi una hatua ndogo nane zilizogawanywa tatu, tatu, mbili: gonga, mbili, tatu, gonga, mbili, tatu, gonga, mbili. Jaribu sasa hivi kwenye meza. Utaona kwamba ile mbili ya mwisho inavuta, kama mtu aliyefupisha hatua ili avuke mfereji. Ngoma za zamani za ukanda huu zilikuwa na mtu wa kazi hiyo, aliyegonga chuma au ubavu wa ngoma bila kubadilika. Mjini ilikuwa rahisi kupata chupa. Mgongaji akiteleza, mpigaji hodari anapotea. Kwa sababu hiyo mimi humpa chupa mwanafunzi niliyemwamini, siyo mgeni.

Mwaka 1959 Bosco alikwenda Nairobi, ambako aliimba tangazo la Aspro, kidonge cha maumivu ya kichwa. Ndugu yake Édouard Masengo naye alifanya kazi huko, naye akaimba matangazo, ya Coca-Cola. Kuna wapenzi wa muziki wanaoona aibu kulisema hili, kana kwamba linamshusha msanii. Mimi nalipenda. Vidole vilevile vilivyoifanya “Masanga” vilimwambia mama wa sokoni anywe nini kichwa kikimuuma, kwa Kiswahili cha Katanga, na mama akaelewa, na vijana wa Kenya wakanunua magita. Bosco alifika hadi tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari huko Zambia.

Ukitoka upande wa gita, utakuta jambo hilohilo kanisani. Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa muziki wa Kikongo, iliyorekodiwa na kwaya ya Kamina chini ya padri Guido Haazen mwaka 1958, iko ndani ya Katanga hiihii. Kyrie yake imefuata kasala, ushairi wa Waluba wa kusifu na kuomboleza; Sanctus imetoka kwenye wimbo wa kuagana. Watu wa Ulaya waliisikia kama ajabu. Mtu wa Kamina aliisikia kama kilio cha jirani yake na safari ya mtoto wake, ila safari hii kwa Kilatini.

Nami leo nasikia wapi gita kavu Lubumbashi? Zaidi kwenye kilio. Jenereta inazimwa usiku mkubwa, spika za kukodi zinanyamaza, watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wanaanza kusinzia. Hapo mzee anaomba gita. Haimbi kwa nguvu. Anamwimba marehemu alifanya kazi wapi, alikaa kambi gani, alimpenda nani, na waliosinzia wanaanza kuitikia. Vijana wanaorap Kiswahili cha Kenya na Ruashi, mitaa ya hapahapa Lubumbashi, wanafanya kitu cha karibu sana na hicho, kutaja watu na mahali kwa majina, na nimeanza kuwapa wawili watatu mzunguko wa kidole gumba wauwekee maneno yao. Unawakaa vizuri kuliko mashine.

Neno kwa wenye magita ya babu zao darini: msimu wa ukavu, kuanzia Mei hadi Septemba, hewa ya Katanga inanyonya mbao hadi zinapasuka. Legezeni nyuzi, wekeni kitambaa chenye unyevu karibu na gita, siyo juu yake, na msiruhusu mtu alipake vanishi mpya. Vanishi nene inaua sauti.

Na kama unataka kuanza kusikiliza, weka “Masanga” mara tatu mfululizo: ya kwanza kwa kidole gumba peke yake, ya pili kwa kidole cha shahada, ya tatu uigonge mwenyewe ile tatu, tatu, mbili kwa kijiko uone inakubali wapi na inakataa wapi. Kisha nenda kwa George Mukabi, mpiga gita wa magharibi ya nchi ya Kenya. Kwake chupa imekuja mbele, gita lina haraka zaidi, na kidole gumba kimechukua njia nyingine kabisa.